AT-VM95 kwa santuri za jazi: mwili mmoja, sindano tatu, na gramu 5 zinazosumbua

Santuri ya shelaki ya King Oliver ya mwaka 1923, LP ya mono ya Blue Note ya katikati ya miaka ya 1950 na toleo la stereo lililochapwa upya juzijuzi zinaweza kukaa rafu moja bila ugomvi. Ugomvi huanza kwenye sindano. Mifereji ya santuri hizo tatu haifanani, na ncha inayoifaa moja huichakaza nyingine. Mwenye kusikiliza roki ya miaka ya 1970 hana shida hii: hununua katriji moja nzuri (kile kichwa kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), huifunga, na kusahau. Mtu wa jazi ya zamani hawezi.

Hapo ndipo familia ya katriji za Audio-Technica AT-VM95 inapovutia. Ilitoka mwaka 2018 kuchukua nafasi ya AT95E, na wazo lake ni jepesi: mwili mmoja wenye sumaku mbili zilizopangwa kwa umbo la V, na sindano sita zinazochomekwa na kuchomolewa kwa vidole. Kuna C ya ncha ya duara, E na EN za ncha ya yai, ML ya ncha nyembamba sana inayofuata umbo la kisu kilichokata mfereji, SH ya Shibata, umbo jingine la ncha nyembamba, na SP ya santuri za 78, yaani zile za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Wapimaji wengi hutumia kurasa zao kulinganisha E na ML, kisha humaliza SP kwa sentensi moja. Hapa SP ndiyo inayoanza, kwa sababu ndiyo inayoigeuza VM95 kuwa chombo cha mkusanyaji wa jazi badala ya katriji nyingine tu ya bei nafuu.

Hukumu yenyewe isicheleweshwe. Mwili wa VM95 wenye SP na sindano moja ya LP ndio mwanzo wenye akili zaidi kwa mkusanyiko uliochanganyika. Ina kasoro tatu ambazo si ndogo: haitoi mono yenyewe, SP ina ukubwa mmoja tu, na kuhama kutoka gramu 2 hadi gramu 5 kila unapobadilisha santuri ni kazi inayochosha haraka. Ya kwanza inatibika kwa waya, ya tatu kwa hedisheli ya pili, yaani kile kipande cha mbele cha mkono kinachofungiwa katriji. Ya kati haitibiki ndani ya familia hii.

Kwa nini ncha ya mikroni 76

Mfereji wa santuri ya 78 una upana wa mikroni 150 hivi juu kabisa. LP ya mono, iliyoletwa na Columbia mwaka 1948, ilikusudiwa ncha yenye nusukipenyo cha mikroni 25. Stereo ilipoingia sokoni mwaka 1958, kipimo hicho kilishuka hadi mikroni 18 au chini yake. SP ina mikroni 76, ambazo kwenye sanduku huandikwa mil 3.0, yaani elfu tatu za inchi.

Kuta za mfereji zimeinama kwa nyuzi 45, kwa hiyo ncha ya duara haifiki chini. Hukwama mahali ambapo upana wa mfereji ni nusukipenyo chake mara 1.41. Fanya hesabu: mikroni 76 zinagusa pale penye upana wa mikroni 107, katikati ya ukuta wa santuri ya 78, mahali panapofaa. Sindano ya C ya mikroni 15 ingehitaji upana wa mikroni 21 tu, upana ambao kwenye 78 umeshamezwa na sakafu ya mfereji. Hivyo huteleza sakafuni, hukusanya uchafu wa miaka 90, huyumba huku na huku, na sauti inayotoka ni mchakacho wenye klarineti ndani yake. Anayesema santuri zake za 78 "zimeshaharibika" mara nyingi anazisikiliza kwa sindano ya LP.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, tena hakirekebishiki. SP kwenye LP haiwezi hata kuingia mferejini. Hukaa juu ya kingo kwa gramu 5 na kuzikata. Mzunguko mmoja unatosha kuacha alama inayosikika milele.

Uzito wa gramu 5 (Audio-Technica wanaruhusu 4.5 hadi 5.5) huwashtua waliozoea LP, lakini kwa shelaki ni mwepesi. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikandamiza kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila upande. Shelaki ni utomvu wa lak uliochanganywa na unga wa mawe ili kustahimili mzigo huo. Unga huo huo ndio unaokwaruza sindano na kutoa ule mchakacho wa chinichini usioisha. Ukipunguza hadi gramu 3 ukidhani unaihurumia santuri, ncha itaruka kwenye mapigo makali ya tarumbeta na kugonga ukuta wa pili inapotua. Kuruka huko ndiko kunakoharibu.

Volti zinazotoka kwenye SP ni milivolti 2.7, chini ya 3.5 za ML. Hili halina athari, kwa kuwa santuri za 78 zilirekodiwa kwa nguvu kubwa. Priampu ya kawaida ya fono, yaani kikuza sauti cha kwanza ambacho katriji huungwa nacho, inatosha.

Sasa ile kasoro isiyotibika. Santuri ya 78 iliyopigwa sana imechakaa kwenye kimo kile kile ambacho sindano za wakati wake ziligusa. Dawa ni kugusa ukuta juu au chini ya jeraha: mikroni 63 hushuka chini yake, mikroni 89 hupanda juu yake. Mafundi wa kuhamisha sauti kwenye hifadhi huwa na seti nzima ya ncha za aina hii, nyingi zikiwa za umbo la yai lililokatwa chini ili zisiguse sakafu. SP ni duara, na ni 76 basi. Kwenye santuri za swingi za mwishoni mwa miaka ya 1930 zilizotunzwa vizuri inafanya kazi kwa heshima: saksafoni zina mwili, besi kubwa inasikika kama noti na si kama mngurumo. Kwenye santuri za Hot Five za Louis Armstrong zilizokesha kwenye karamu za watu, utasikia mpasuko kila pembe inapopaa. Huo ni uchakavu, na SP haina njia ya kuukwepa. Mwenye santuri 20 za 78 atavumilia. Mwenye 500 ataishia kwa fundi wa sindano maalumu, na Expert Stylus ya Uingereza ni mojawapo ya majina yanayotajwa sana kwa kazi hiyo.

Mono: kasoro inayotibika kwa nyaya mbili

Katriji zote za VM95 ni za stereo, hata SP. Kwenye santuri ya mono muziki wote uko kwenye mwendo wa kushoto na kulia. Mwendo wa juu na chini hauna muziki. Una vumbi, mikwaruzo, mvumo wa mota na mpindo wa santuri. Katriji ya stereo husoma yote mawili. Ukizijumlisha chaneli zako, mwendo wa juu na chini hujifuta wenyewe kwa sababu unatokea kinyume kwenye kila upande, na muziki hubaki. Kwenye LP ya mono tofauti ni kubwa. Kwenye 78 ni kubwa kupita kiasi: sehemu nzuri ya mchakacho huondoka, na tarumbeta iliyokuwa imepanuka kama ukungu kati ya spika mbili hukaa mahali pamoja.

Kama amplifaya ina kitufe cha mono, mambo yameisha. Kama haina, tafuta nyaya mbili za Y. Ya kwanza huunganisha chaneli mbili kuwa moja, ya pili huigawa tena mbili, na zote hukaa kati ya pleya na priampu ya fono. Wapo wanaoogopa kwamba hili huharibu mzigo wa katriji, kwa kuwa kiloomu 47 za ukinzani wa priampu kwa kila chaneli zikiunganishwa huwa 23.5 na kapasitansi (chaji inayohifadhiwa na nyaya na priampu) huongezeka maradufu. Lakini koili mbili zikikaa sambamba, indaktansi (jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) nayo hupungua nusu. Vitu vitatu vinabadilika kwa pamoja na mwitikio wa sauti unabaki pale pale. Nyaya za Y ni salama.

Zinapoleta shida ni kwenye pleya zenye priampu ndani, kama AT-LP120X, ambayo hata hivyo huja na VM95E tayari imefungwa. Swichi ya nyuma ikiwa upande wa priampu ya ndani, nyaya za Y zitafunga pamoja matokeo ya vikuza sauti viwili vinavyosukumana. Zima ya ndani, tumia ya nje, kisha weka Y.

Mbadala ni katriji ya mono halisi. Denon DL-102 ina pini mbili tu na haihitaji ujanja wowote. Audio-Technica nao wana AT-MONO3 yenye toleo la LP na toleo la SP. Kwa mwenye mono pekee hizo ni nzuri zaidi, sibishi. Ila katriji ya stereo ina jambo moja ambalo ya mono haiwezi. Santuri za kale za Edison Diamond Disc zilikatwa kwa mwendo wa juu na chini badala ya kushoto na kulia. Badilishana nyaya mbili za chaneli moja nyuma ya katriji kisha ijumlishe mono: sasa muziki wa wima ndio unaobaki na kelele za pembeni ndizo zinazofutika. Zungusha kwa kasi ya 80, si 78. Pathé za zamani zilizokatwa kwa wima zinahitaji ncha kubwa kuliko SP, kwa hiyo usijaribu.

Na tahadhari moja kuhusu mono halisi za kale kabisa, zile zinazouzwa mitumba pamoja na pleya za miaka ya 1950: nyingi hazina uwezo wa kutikisika juu na chini. Usizishushe kwenye LP ya stereo hata kwa majaribio.

Kufunga, kupima, kubadilisha

Mwili una uzito wa gramu 6.1 na matundu yake yana hesi ndani, kwa hiyo skrubu zinaingia moja kwa moja bila nati za kuanguka zuliani. Ukilinganisha na AT95E ya zamani, hili peke yake ni sababu ya kushukuru.

Fanya mpangilio wa pembe ukiwa na sindano ya LP, si SP, kwa sababu LP ndiyo isiyosamehe. Kiolezo cha Baerwald, karatasi ya kupangia pembe ya katriji, chenye pointi za milimita 66.0 na 120.9 kinatosha. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja kabisa kwanza, mwili huzunguka.

Kubadilisha sindano: shika mwili kwa mkono mmoja, vuta kifuko cha sindano kuelekea mbele na chini, kitatoka. Kurudisha, ingiza ukingo wa mbele kwa mshazari, kisha sukuma juu hadi usikie mlio mdogo. Usiposikia mlio, haijaingia. Chaneli moja ikikatikakatika baada ya kubadilisha, chanzo ni hiki kabla ya kitu kingine chochote. Kila mara fanya hivi pleya ikiwa imesimama na mkono umefungwa kwenye kishikio chake, la sivyo vidole vitauvuta na kuzilemea beringi.

Halafu uzito. C, E na ML hutaka gramu 2.0, SP hutaka 5.0, na pete ya namba kwenye mikono mingi huishia 4. Njia ya kuvuka ni hii: sawazisha mkono uelee, weka pete kwenye sifuri, zungusha uzani wa nyuma hadi 2.5, kisha rudisha pete peke yake kwenye sifuri bila kuugusa uzani, na zungusha tena 2.5. Thibitisha kwa mizani ya dijitali ya sindano, kwa sababu pete hizi si za kuaminika zikifika mwisho. Kuna mikono ambayo uzani wake wa nyuma hugonga egemeo kabla ya kufika gramu 5. Hapo suluhisho ni kuongeza uzito mbele.

Uzito wa mbele unatupeleka kwenye ujanja ninaoupenda kuliko yote kwa katriji hii. Nunua mwili wa pili na hedisheli ya pili, kisha hakikisha hedisheli ya SP ni nzito kwa gramu 3 kuliko ile ya LP. Kibati chembamba kati ya katriji na hedisheli kinatosha. Ukisawazisha mara moja kwa gramu 2 ukiwa na ile nyepesi, kuivua na kuvalisha nzito kunakupeleka gramu 5 bila kugusa uzani wa nyuma. Kwa kuwa kibati hakikai juu ya ncha hasa, kipimo cha kwanza kitatofautiana kidogo. Sogeza au punguza hadi mizani ikubali. Ni kazi ya nusu saa, hairudiwi tena. Pleya ambayo hedisheli yake haivuliki haifaidiki na hili, na mwenye nayo afikirie mara mbili kabla ya kununua SP.

Kizuia-mteleko, kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri: kwa SP, anzia 3 na utazame kijiti cha sindano kutoka mbele wakati santuri inazunguka. Kikipinda kulia au kushoto, rekebisha. Usihangaike zaidi ya hapo.

Kuna jambo la umeme ambalo wanunuzi wengi hulipuuza kisha huilaumu katriji. Indaktansi ya VM95 ni milihenri 550, kubwa kiasi. Kampuni inapendekeza kapasitansi ya pikofaradi 100 hadi 200, na hiyo inajumuisha waya wa mkono, waya wa nje na priampu kwa pamoja. Kwenye 200, mlio wa asili wa umeme huu uko karibu na kilohezi 15. Ukiwa na waya mrefu na priampu iliyowekwa 300, jumla inaweza kufika 400, na mlio unashuka hadi kilohezi 10.7, katikati kabisa ya matoazi. Matoazi yanakuwa makali kama bati kisha juu yake hakuna hewa. Fupisha waya, na kama priampu ina swichi ya kapasitansi, iweke chini kabisa.

Kasi na mlinganyo

Pleya isiyo na 78 si kikwazo kamili. Rekodi santuri kwenye kompyuta kwa kasi ya 45 kisha iharakishe mara 1.733, au kwa 33⅓ mara 2.34. Kinachosahaulika ni kwamba priampu imeshaweka mlinganyo wa RIAA (kanuni ya LP ya kupandisha besi na kushusha sauti za juu wakati wa kucheza) kwenye masafa yaliyoshuka, kwa hiyo ni lazima uutengue kwenye programu kabla ya kuharakisha, vinginevyo besi na sauti za juu zote zitakuwa mahali pasipo pake.

Hata kwenye 78 halisi, RIAA si sahihi. Ilikubaliwa mwaka 1954, wakati santuri za 78 zilikuwa zinaaga. RIAA hupunguza desibeli 13.7 kwenye kilohezi 10, ilhali santuri nyingi za 78 hazikuongezwa sauti za juu kiasi hicho, na za Ulaya mara nyingi hazikuongezwa kabisa. Matokeo yake ni sauti iliyofunikwa blanketi. Watu husema SP "ni nzito, haina uangavu", na kosa si lake. Priampu yenye mlinganyo wa kuchagua ndiyo jibu kamili. Asiye nayo apandishe kitasa cha sauti za juu kwa ujasiri, kisha akate kila kitu juu ya kilohezi 7 au 8, kwani kwenye nyingi huko hakuna muziki. Rekodi za umeme zilizoanza mwaka 1925 mwanzoni zilifika takribani kilohezi 5. Zile za pembe za kabla ya hapo hazifiki hata huko.

Namba 78 nayo ni ya kuaminiwa kwa kiasi. Marekani mota za umeme zilitoa 78.26, kwenye nchi za hezi 50 zilitoa 77.92, na kabla ya hapo kila studio ilikuwa na kasi yake. Nusu toni ni asilimia 6 hivi: santuri iliyokatwa kwa 73.6 ukiipiga kwa 78 inapanda nusu toni nzima. Kwa jazi kuna kipimo kizuri, nacho ni pembe. Tarumbeta na klarineti za New Orleans zilipenda B bapa, E bapa na F. Wimbo ukitoka kwenye B asilia, karibu kila mara kasi ndiyo iliyokosewa. Pleya yenye kitelezi cha kasi na programu ya kupimia noti kwenye simu vinamaliza kazi.

C au ML kwa LP?

Hapa wauzaji husukuma ML, na kwa stereo wana haki. Karibu na lebo, kwenye radiasi ya milimita 60, mfereji wa LP unapita chini ya sindano kwa mita 0.21 tu kwa sekunde. Wimbi la kilohezi 15 hapo lina urefu wa mikroni 14, na ncha ya duara ya mikroni 15 haiwezi kuingia. ML inaingia. Piano na matoazi ya wimbo wa mwisho wa upande yanabaki safi. Audio-Technica wanaipa ML saa 1,000, C saa 500 na E saa 300, kwa hiyo ukigawanya bei kwa saa, ML si ghali kama inavyoonekana. E, inayokuja bure na pleya, ndiyo yenye hesabu mbaya kati ya hizo tatu.

Lakini LP za mono za miaka ya 1950 zilizopigwa na katriji nzito za enzi zile zina jeraha pale penye upana wa mikroni 36 hivi, mahali ncha ya mikroni 25 iliposugua. ML hugusa ukuta kwa mstari mrefu, kwa hiyo husoma jeraha pamoja na sehemu nzima. C hugusa nukta moja chini yake. Kwenye nakala chovu, C, ile ya bei ya chini kabisa, mara nyingi ndiyo inayosikika vizuri zaidi, na inasamehe mpangilio wa pembe usio kamili. Mkusanyaji wa matoleo ya kwanza ya Blue Note, yale yenye jina la fundi wa kurekodi Van Gelder na alama ya kiwanda cha kuchapa cha Plastylite inayofanana na sikio kwenye nafasi tupu karibu na lebo, angekuwa na zote mbili: ML kwa nakala safi, C kwa zilizoteseka. Rekodi za Rudy Van Gelder zina tarumbeta zilizokatwa kwa nguvu, na ni hapo hasa ambapo E huanza kupasuka kabla ya ML.

Mambo ya pembeni yanayoua sindano

Santuri chafu. Shelaki huoshwa kwa maji yaliyochujwa yenye tone la sabuni ya maji isiyo na marashi, suuza, kausha papo hapo. Spiriti na kisafishio chochote chenye alkoholi ni marufuku, kwani alkoholi huyeyusha shelaki. Lebo isilowe. Santuri za Columbia za tabaka zina karatasi ndani, na ufa wa pembeni hunyonya maji hadi zivimbe. V-Disc za jeshi la Marekani za miaka ya 1943 hadi 1949 zina kasi ya 78 lakini nyingi ni za vinili, laini kuliko shelaki. Kwa hizo shuka hadi gramu 4.5 za SP. Santuri za Marekani za mwaka 1942 na 1943, wakati shelaki ilipobanwa na vita, zinakwaruza hata zikiwa hazijawahi kuchezwa, na hakuna kuoshwa kutakakosaidia.

Santuri yenye ufa uliofunguka isichezwe. Ukingo wa ufa hugonga almasi mara 78 kila dakika.

Wakati wa kununua, sindano za AT95E haziingii kwenye mwili wa VM95, wala za VM95 kwenye mwili wa zamani, ingawa majina yanachanganya. Sindano mbadala halali ya SP inaitwa AT-VMN95SP. Zipo za kuiga zinazouzwa kwa jina la "78" bila kutaja kipimo cha ncha. Isiyotaja mikroni wala mil, iache dukani.

Na hedisheli mbili zikishafungwa zinafanana mno kwenye mwanga hafifu wa usiku. Paka doa la rangi ya kucha, nyekundu, juu ya ile ya SP, mahali kidole gumba kinapokaa.